Maua ya maweni: namna ya kuyaona Jibondo

Ukifika Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia, mwezi wa pili, kaskazi imeshakausha kila kitu, utasema aliyekutuma amekudanganya. Jiwe la kijivu lililochongoka kama meno ya msumeno, vichaka vilivyojikunja, mchanga mweupe unaoumiza macho. Mimi nilifika hivyo mara ya kwanza, kandambili miguuni na chupa moja ndogo ya maji mkononi. Nilizunguka saa tatu nikitafuta maua. Nilichopata ni mwiba wa mbigili, uliopenya kandambili ukaingia kisiginoni. Fundi mmoja mzee aliyekuwa akitia kalafati mashua chini ya mtakawa alinitazama nikiuchomoa, akacheka kidogo, akasema: "Ua unalolitafuta, mwanangu, ndilo hilo limekuchoma. Rudi masika yakiisha."

Nilirudi. Nimerudi mara kadhaa tangu hapo, na makosa yangu yote ninakuwekea hapa ili wewe usiyarudie.

Kwanza elewa unakwenda kuona nini. Kama kichwani mwako una zile picha za majangwa ya mbali, mlima mzima umegeuka rangi ya chungwa, watu wamelala katikati ya maua wanapigwa picha, basi Jibondo itakuvunja moyo. Mazulia ya namna hiyo hapa kwetu yako Kitulo, kule juu kati ya Mbeya na Njombe, mahali wenyeji wanapopaita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua yake hushamiri kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa nne. Nenda huko na sweta. Maua ya Jibondo ni madogo, yametawanyika, mengi hufunguka asubuhi na kufumba kabla ya adhuhuri, na baadhi yake utayajua kwa pua kabla ya jicho. Huyaoni kwa kupita, ila kwa kuinama.

Mvua ipo, pa kuiweka hapana

Swali la haki: Mafia si jangwa, kwa nini basi tuzungumze habari ya maua ya jangwani? Wilaya ya Mafia hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Majangwa mengi ya kweli hayafikishi hata sehemu ya kumi ya hiyo.

Jibu liko chini ya miguu yako. Jibondo ni mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyoishi zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko leo, kisha maji yakashuka yakayaacha yakauke. Mwamba huo una matundu kama sponji. Mvua ikinyesha saa nzima, nusu saa baadaye utatafuta dimbwi usilione. Maji yamepita. Mto hakuna, na kisima cha maji baridi cha kutegemea hakuna. Watu wa kisiwa huvuna mvua kwenye mapaa na kuihifadhi kwenye matangi, na kiangazi kikirefuka maji yamekuwa yakiletwa kwa mashua kama vile mahali pengine unavyoletwa mchele. Udongo wenyewe ni wa kuhesabu: kiganja hapa, kikombe pale, ndani ya shimo la jiwe ambamo majani yameoza miaka na miaka.

Kwa mmea, hali hiyo haitofautiani sana na jangwa. Mvua kuwa nyingi hakumsaidii asiye na chombo. Ndiyo maana mimea ya maweni ina tabia zilezile za mimea ya majangwa ya Namib au Atacama. Ipo inayolala ikiwa mbegu, ikaamka mvua ikikolea, ikachanua, ikaangusha mbegu na kufa, yote ndani ya wiki chache. Ipo inayoweka akiba chini, kwenye kitunguu au kiazi kilichobanwa katika ufa wa jiwe. Na ipo ile iliyofanya majani yake kuwa matangi: manene, yanayoteleza, ukiyaminya yanatoa maji. Ukitembea Jibondo utaona matangi ya watu juu na matangi ya mimea chini, na yote yanajazwa na wingu moja.

Mbegu ya jangwani ina hadhari ambayo mimi huistaajabia. Manyunyu hayaiamshi. Mara nyingi ganda lake lina kemikali inayozuia kuota, na ni mvua ya kutosha tu inayoweza kuiosha ikaisha. Kwa hiyo mbegu huwa imeshapima mvua kabla ya kutoka. Ndivyo ilivyokuwa Atacama, kaskazini mwa Chile, mwaka 2015 na tena 2017: mvua kubwa zisizo za kawaida, na mchanga ambao kwa miaka ulikuwa mtupu ukageuka zambarau.

Lini, na umuulize nani

Masika huanza mwezi wa tatu na kumalizika wa tano. Usiende katikati yake. Bahari haina adabu, na mimea mingi bado ni majani tu. Muda mzuri ni pale masika yanapokatika na kusi inaanza kushika: wiki ya mwisho ya mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa sita. Jiwe bado lina unyevu, jua limerudi, na kila mmea una haraka kwa sababu unajua kinachofuata.

Nafasi ya pili ni vuli, kuanzia mwezi wa kumi na moja. Vuli ni fupi na haina ahadi. Mwaka mwingine inapita kama mgeni asiyevua viatu. Lakini ina vitu vyake. Ndiyo majira ya mibuyu kuchanua, na katika vichaka vya pwani yetu mvua za kwanza hutoa lile ua la ajabu, mpira mwekundu wa nyuzi ukubwa wa ngumi unaochomoza ardhini juu ya shina tupu, mara nyingi kabla hata jani moja halijatoka. Ukichelewa siku kumi unakuta kichwa kimenyauka.

Kalenda peke yake haitoshi, maana masika siku hizi huchelewa au huja kwa vishindo viwili. Lazima umpigie simu mtu aliyeko huko. Hapo nina ushauri mmoja ambao umenisaidia kuliko yote: usimuulize mtu wa Jibondo kama maua yameshachanua. Atakuona huna kazi ya kufanya. Muulize kama matangi yamejaa. Hilo ni swali analolijua jibu lake mpaka kwenye inchi, na atakujibu kwa furaha au kwa huzuni. Matangi yakijaa, hesabu siku kumi na nne, kisha funga safari.

Na ukiona kusi inavuma kwa nguvu ukiwa ufukweni, kumbuka inakokwenda. Upepo huohuo ukishavuka ikweta hupinda, huingia bahari ya Arabuni, na unapogonga milima ya Dhofar huacha ukungu na manyunyu. Ndiyo kharifu ya Salalah, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita hadi wa tisa, milima inageuka kijani na familia za Muscat zinashuka kwa magari kwenda kupoa. Ndugu zetu wa Oman wanaosoma haya wanaijua vizuri. Upepo unaofunga majira ya maua Jibondo ndio unaoyafungua kwao.

Hesabu ya maji ya bahari

Mtu wa bara husahau sehemu hii, na ndiyo inayoharibu safari. Jibondo haina gati la kutia nanga wakati wowote upendao. Maji yakikupwa, mashua hukaa mbali na wewe unavua viatu na kutembea juu ya mwamba na nyasi za bahari. Kwa hiyo chagua siku kwa mwezi wa angani, si kwa siku za wiki.

Nenda siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Pwani yetu ina utaratibu mzuri: siku za bamvua maji hujaa alfajiri, kama saa kumi hivi, na hukupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa tena jioni. Angalia jinsi inavyokufaa. Ukiondoka Utende, unakopandia mashua, jua linapochomoza, maji bado yapo, mashua inakufikisha karibu. Maua ya asubuhi unayakuta wazi. Saa nne bahari imejitoa, unaweza kutembea chini ya kingo za mwamba na kuitazama kutoka upande wa bahari mimea iliyong'ang'ania jiwe. Mchana unapumzika kijijini. Alasiri maji yanarudi, na mashua nayo.

Siku za maji mafu mpango huu wote unavurugika: asubuhi maji yako juu, ufuko mwembamba, na kingo za mwamba huzifikii. Nahodha hatakukatalia, kazi ni kazi. Lakini utakuwa umelipa kwa nusu ya kisiwa.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam kuna ndege ndogo, chini ya saa moja hadi Kilindoni, mji wa Mafia. Wengine tunapita Nyamisati, wilaya ya Kibiti, na kuvuka kwa boti au kwa kivuko cha serikali, MV Kilindoni. Kilindoni hadi Utende ni barabara ya lami, bajaji inakufikisha. Utende ndipo ulipo mlango wa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa 1995. Jibondo imo ndani ya hifadhi hiyo, kwa hiyo lipa kiingilio na tunza risiti, utaombwa tena.

Mashua ya kwenda Jibondo unaikodi Utende, au unadandia ya wasafiri inayorudi kijijini na magunia na madumu. Hiyo ya pili ni rahisi zaidi na ina mazungumzo. Lakini haina saa. Hutoka ikijaa, na utarudi itakaporudi.

Viatu: raba zenye soli ngumu. Sisemi tena habari ya kandambili. Mwamba wa maweni hukata ngozi na hukata plastiki, na jeraha la matumbawe haliponi upesi. Beba kofia, kanga au shuka, na kioo cha kukuzia kama unacho, hata kile cha bei ndogo cha kusomea gazeti. Maji nitayasema mwishoni.

Ukishuka, usikimbilie vichakani. Pita ofisi ya serikali ya kijiji, amkia, sema shida yako. Ukimkuta mzee ni shikamoo. Ukiingia barazani ni salamu alekum kwanza. Ukisema umekuja kutazama maua watacheka, na kicheko hicho ni mwanzo mzuri, maana kuna mtu ataitwa, mara nyingi kijana, aambiwe akutembeze. Mlipe. Vaa nguo za heshima, mabega na magoti yamefunikwa. Kijiji chote ni cha Waislamu, na siku ya Ijumaa mchana usitegemee mtu akuache msikitini akufuate wewe. Msikiti wa zamani utazame kwa nje, inasemekana mbao zake zilizochongwa zilitolewa Kua, ule mji wa magofu ulio ng'ambo, kisiwa cha Juani.

Jambo moja la uangalifu. Maua mazuri mara nyingi yako makaburini, kwa sababu huko hakuna anayekata kuni wala anayechunga mbuzi. Usiingie bila idhini. Ukiruhusiwa, kamera iache mfukoni.

Utakayoyaona

Anza ufukweni, na anza na mlakasa. Huu ni ule mmea mtambaazi wenye jani lililogawanyika nchani kama ukwato wa mbuzi, unaofunga mchanga usichukuliwe na upepo. Ua lake ni tarumbeta la zambarau nyekundu lenye nyota iliyokoza katikati. Saa moja asubuhi liko wazi na nyuki yumo ndani mpaka kiuno. Saa sita limekunjika kama mwavuli, na halitafunguka tena. Kesho litachanua jingine. Mbegu za mlakasa huelea baharini miezi bila kufa, ndiyo maana utaukuta mmea huu Mafia, India na Brazili vilevile. Ni baharia kuliko sisi.

Kando yake, kwenye mstari ambao maji ya bamvua hufika, kuna mimea mifupi ya majani manene. Ng'ata jani moja kidogo: ni chumvi tupu. Ua lake ni nyota ya waridi isiyozidi kucha ya kidole kidogo. Hapa ndipo kile kioo kinapolipa gharama yake.

Kuna pia kichaka chenye majani yanayong'aa na ua jeupe ambalo utadhani limekatwa kwa mkasi. Petali zote ziko upande mmoja, upande wa pili hauna kitu. Hakuna aliyelikata. Ndivyo lilivyo.

Sasa rudi kwa fundi wangu na mtakawa wake. Huu ni mti ambao pwani nzima inaujua kwa kamba ya gome lake, na watu wachache wanaujua kwa kitu kingine. Keti chini yake siku nzima, hiyo ni kazi nzuri kuliko kutembea. Asubuhi ua linafunguka likiwa njano laini, kitovu chekundu kilichokoza. Mchana njano inakolea. Jua likielekea kutua limekuwa rangi ya chungwa, halafu wekundu wa tofali, na usiku linaanguka zima. Nililiona likidondoka juu ya ubao wa mashua ambao fundi alikuwa ameujaza pamba na mafuta, likanata pale kwenye uzi wa kalafati. Aliliondoa kwa ncha ya patasi bila kulitazama, akaendelea kugonga. Jibondo ni kisiwa cha mafundi wa mashua. Ukiwasikia wakizungumza juu ya mti, wanazungumza juu ya pembe zake, upi utatoa taruma na upi utatoa mkuku. Ua ni la nyuki.

Toka ufukweni, ingia njia ya kijiji. Tazama ardhi iliyokanyagwa, pembeni ya uwanja wa mpira. Mbigili. Hapo masika yakiisha utaona zulia, na ndilo zulia pekee ninaloweza kukuahidi: majani madogo yenye manyoya mepesi yamelala chini, na juu yake maua ya njano ya petali tano yanayofunguka jua likipanda. Ni mazuri kabisa. Ndani ya wiki chache kila ua litageuka tunda lililogawanyika vipande vitano, kila kipande na pembe zake kali, na watoto wataanza kuruka kwa mguu mmoja. Mbigili ni mmea wa jangwani hasa. Nduguze hutandika njano mchangani Namib mvua ikinyesha, na Arabuni ngamia huwatafuna. Sisi tumeuweka kwenye methali na matusi, hatukuuweka kwenye chungu cha maua.

Ukipanda kwenye vichaka vya jiwe, tumia pua. Kuna asumini ya porini, inayotambaa juu ya vichaka vingine, maua meupe membamba, harufu yake hukolea magharibi na alfajiri. Kuna mtandamboo wenye miiba miwili miwili na vishada vya maua meupe yenye harufu tamu. Kuna kivumbasi, ambacho ua lake si kitu ila ukikikanyaga kiatu kinanukia mpaka nyumbani. Kuna mkadi na mizizi yake iliyosimama kama miguu ya kaa. Mtu wa pwani akisema ua huwa anamaanisha harufu: asumini ya kusokotwa, kikuba cha kubanwa kifuani, rehani ya kutiwa kwenye nywele. Rangi ni jambo la baadaye. Kwa hiyo usishangae mwenyeji wako akipita mbele ya ua jekundu kubwa bila kugeuka, kisha akasimama ghafla kwenye kichaka kisicho na sura.

Na likitokea ua jekundu lenye kingo za njano, petali zimegeuzwa juu kama miali ya moto, ncha za majani zimejikunja kama ndoana na kushika kila kitu: tazama, piga picha, usichimbe. Kiazi chake kinafanana na viazi vya kuliwa na kina sumu kali, kolchisini. Mfamasia huitumia kwa vipimo vidogo sana kutibu jongo. Wewe si mfamasia, na hospitali iko Kilindoni.

Mpungate nao usiudharau, japo si mwenyeji; asili yake ni Amerika, sawa na muhogo na pilipili. Ua lake la njano huonekana limetengenezwa kwa karatasi ya kung'aa.

Ukifika kipupwe kimeingia, mwezi wa saba, mengi ya haya yatakuwa yamekwisha. Hapo tafuta shubiri mwitu, ambayo hungoja wenzake wamalize ndipo isimamishe mshumaa wake wa rangi ya chungwa. Ndege aina ya chozi wanajua. Utawakuta wamening'inia wakinywa.

Ukiwa na siku ya pili

Itumie kwenye visiwa vya Juani na Chole. Njia ya maji ya kwenda Kua hupita katikati ya mikoko na inahitaji maji kujaa, kwa hiyo hesabu ya jana inageuka. Mwachie nahodha apange. Utafute mlilana, mkoko unaosimama mbele kabisa kuelekea bahari. Ua lake hufunguka jioni, rundo la nyuzi nyeupe kama brashi ya kunyolea ndevu, hungoja nondo na popo usiku mmoja, na alfajiri nyuzi zote zimemwagika. Ukipita mapema utaziona zinaelea juu ya maji yaliyotulia.

Kua kwenyewe, kati ya kuta za mji uliovunjwa mwanzoni mwa karne ya 19 na wavamizi wa Kisakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, kuna mibuyu. Ua la mbuyu nalo ni la usiku mmoja: jeupe, kubwa kama sahani ya kikombe, linaning'inia kichwa chini, na harufu yake, niseme kweli, ni ya kabichi iliyolala. Popo wanaipenda. Chole kuna kundi la popo wakubwa wa matunda wa jamii ya Komoro, popo ambao bara la Afrika hawako kabisa, na magharibi wanaruka wote kwa pamoja kutoka kwenye miti yao. Kaa pwani ya Chole ukiwatazama, halafu piga hesabu ni maua mangapi yatatembelewa usiku huo.

Kuchuma na kupiga picha

Usichume. Sitakuhubiria, nakupa hesabu tu. Mmea wenye udongo wa kikombe kimoja hutoa maua mawili, labda matatu, na hayo ndiyo mbegu za mwaka ujao. Kitunguu kikitoka kwenye ufa wa jiwe, ule ufa hubaki mtupu. Na kukichukua ukakipande Dar es Salaam hakina maana: kitaoza kwa maji mengi. Kama unataka ua la namna hii nyumbani, wauza maua wa barabarani mjini wanauza waridi la jangwani kwenye chungu, limekua hapohapo.

Machi 2019, huko California, korongo la Walker karibu na mji wa Lake Elsinore lilichanua maua ya rangi ya chungwa. Watu walifika kwa makumi ya maelfu mwishoni mwa wiki moja, wakakanyaga, wakalala juu yake kwa ajili ya picha, barabara zikaziba. Maua yaliporudi 2023, wenye mji walilifunga korongo lote. Jibondo haina barabara ya kuziba, lakini ina njia za miguu zenye upana wa mtu mmoja, na pembeni mwake ndiko maua yaliko. Tembeeni mmoja nyuma ya mwingine. Kundi lisizidi watu sita. Mwanzoni niliwahi kwenda na kumi na wawili, na wale wa nyuma hawakuona kitu zaidi ya majani yaliyolala.

Kwa picha, lala kifudifudi, lenzi iwe usawa wa ua, jua likiwa nyuma yake. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Baada ya hapo mwanga mweupe wa jiwe utakula rangi zote. Watu usiwapige bila kuwaomba, hasa akina mama wanaolima mwani.

Na maji. Beba yako ya kunywa kutoka Utende, lita tano kwa kila mtu kwa siku, na chupa tupu rudi nazo. Utakaribishwa maji kila nyumba, kwa sababu ndivyo watu walivyo, na utapewa hata pale tangi lilipofika chini. Shukuru, sema umekunywa.